Mstari Mmoja wa Karani

Karani hakuwahi kufuta kitu. Wembe aliutumia kwa ndevu tu, na kifutio nadhani hakuwahi kukinunua. Akikosea neno alilipiga mstari mmoja mwembamba katikati, ili lililokosewa liendelee kusomeka, kisha akaandika lililo sahihi juu yake na kutia sahihi pembeni. Kama kosa lilimhusu mtu mwingine, huyo naye alitakiwa asaini. "Hakimu akiona mahali palipofutwa," alikuwa akituambia, "hatasoma tena shauri lako. Atabaki anajiuliza palikuwa na nini."

Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani, kule Izigo kilipakana na cha kwetu. Katikati kulikuwa na mstari wa milamula, ile mimea ya mpaka ambayo kwetu huwezi kuing'oa ukabaki na heshima yako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha mjini Bukoba, nyumba yangu iko Buhembe, na Ijumaa nyingi hupanda gari kwenda Izigo kuangalia migomba ya marehemu wazazi wangu. Kwa hiyo Karani nimemwona karibu kila wiki tangu utotoni.

Niseme jambo moja mapema, maana sipendi kumzungusha mtu. Karani ndiye aliyenizaa. Baba yangu alikuwa mwingine.

Wahaya wa zamani walikuwa na desturi waliyoiita bisisi. Mwanamke akiachana na mumewe, mtoto wa kwanza atakayemzaa huko aendako huhesabiwa wa yule mume, hata kama mimba kaipata kwa mwingine. Siku hizi ukiwaeleza vijana wanacheka, wanadhani umetunga. Mama yangu aligombana na Baba akarudi kwao, akakaa huko zaidi ya mwaka, na huko akakutana na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Nilipokuwa tumboni, Baba alikuja na wazee wa ukoo wake kunidai. Wazee walikaa, wakasikiliza pande zote, wakaamua kwamba mtoto ni wa Izigo. Mama akarudi Izigo na tumbo lake, akaishi na Baba mpaka alipomzika. Sijawahi kujuta kuwa mtoto wa Baba. Alinibeba mabegani, alinisomesha, na siku nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu alichinja mbuzi akalia mbele za watu.

Kilichonishinda kumeza ni kingine. Wazee wale walitaka uamuzi wao uandikwe, na pale hapakuwa na mtu mwenye mwandiko wa kuaminika isipokuwa yule kijana mwenyewe. Wakampa karatasi, akaandika. Mama aliniambia haya katika ugonjwa wake wa mwisho. Alisema kijana hakukosea hata neno moja, hakupiga mstari hata mahali pamoja. Alisaini chini kama mwandishi, akawapa wazee mkono mmoja mmoja, akaondoka zake.

Miaka michache baadaye akahamishiwa Muleba, akaoa, akatafuta mahali pa kujenga. Katika vibanja vyote vilivyokuwa vikiuzwa wilaya nzima, alinunua kile kilichopakana na chetu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

Watoto wote wa kijiji aliwaita "mwanangu". Mtoto akipita na ndoo ya maji, "mwanangu, usikimbie." Mtoto akiiba mapera yake, "mwanangu, chukua yaliyoiva." Hata muuza samaki aliyetoka Kemondo, mwanamume mwenye mvi, alikuwa mwanangu. Mimi peke yangu sikuwa. Nilipokuwa mdogo aliniita kwa jina langu kamili, majina yote mawili, kama anayeniita shaurini. Nilipohitimu akaanza kuniita Mwalimu. Nilidhani ananichukia, na kwa muda mrefu nilimchukia ili tuwe sawa.

Kazi yake baada ya saa za mahakama ilikuwa kuwaandikia watu barua. Walikuja wakakaa kwenye benchi la barazani kwake na yeye akaweka daftari gotini, punje za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, zikiwa shavuni. Alizihifadhi kwenye kikopo cha dawa ya meno ya unga, na kila mgeni alipewa kabla hajasema shida yake. Jioni moja, nikiwa binti mkubwa wa kutosha kusikiliza yasiyonihusu, alikuja mwanamke ambaye mumewe alikwenda Mwanza kuvua akanogewa huko. Mwanamke alikuwa amevimba kwa hasira. "Mwambie ni mbwa," alisema, akimsihi kwa waitu yetu ya Kihaya. "Andika, waitu, ni mbwa, na mama yake ni mbwa, na nyumba imeanguka upande mmoja." Karani akaandika kwa utulivu, akafunga bahasha. Mwezi haukuisha mwanamume akarudi na bati za kuezekea. Baadaye nikajua barua ilisema: Mume wangu, mimi mkeo nakukumbuka, nyumba imeanguka upande mmoja.

Nilimkabili. Nilimwambia yeye anayejifanya mtu wa ukweli ni mwongo tu kama wengine. Hakukasirika. "Ile ni barua," alisema. "Barua si kumbukumbu. Kwenye kumbukumbu ningeandika mbwa."

Ndivyo alivyokuwa. Alimdanganya mkewe kuhusu tumbaku, aliwadanganya watoto kwamba aliwahi kufukuzwa na chui, alimdanganya mchungaji kwamba ana mafua Jumapili ambazo mahubiri yalitazamiwa kuwa marefu. Lakini karatasi yenye mhuri ilimgeuza akawa mtu mwingine. Tajiri mmoja wa kahawa alimtaka abadilishe neno moja kwenye shauri la mpaka, neno moja tu, na Karani alimtoa ofisini kwa kumshika kiwiko kama anayemsindikiza mgonjwa. Yule tajiri alikuwa ndugu wa mkewe. Mkewe hakumpikia kwa siku tatu, naye akala ndizi mbivu kwetu, amekaa na Baba jikoni.

Yeye na Baba walikuwa marafiki. Sina neno lingine. Walikaa kwenye banda letu la kukaushia kahawa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kati yao, na waliweza kumaliza mchana mzima wakiwa wameongea maneno kumi. Nilikuwa nikipita mbele yao na jembe nikiwaza ni nini hasa kinachowakalisha pamoja. Kila Jumatatu Karani alileta redio yake ndogo wakasikiliza matangazo ya vifo, naye akayaandika yote kwenye daftari, hata ya watu wa mikoa ambayo hajafika. Alisema mtu akitajwa mara moja tu redioni kisha akapotea hewani, hiyo si haki.

Baba alipofariki, Karani ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu na ndiye aliyeusoma kaburini. Sauti yake ilikuwa bado ile ya mahakamani. Alisoma: ameacha mjane na watoto watatu. Akatutaja, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa nimeshajua ni nani aliyenizaa; habari ya ile karatasi tu ndiyo nilikuwa sijaambiwa. Nilimtazama usoni nikitafuta hata kope kucheza, sikuona kitu. Alikunja karatasi, akampa Mama, akachukua koleo kama wanaume wengine.

Ugonjwa wake haukuanza kwa kutetemeka. Ulianzia puani. Mkewe, ambaye alikuwa hai wakati huo, alikuta kahawa imeungua kwenye chungu mpaka imekuwa mkaa, na mumewe amekaa hatua mbili kutoka hapo akisoma. Hakusikia harufu. Tulimcheka. Halafu uso ukaacha kucheka pamoja nasi. Mkewe akalalamika kwamba mzee amepata kiburi uzeeni, unamweleza habari anakutazama kama sanamu. Sauti ikapungua. Na mwandiko wake, ule mwandiko ulioheshimiwa kuanzia Kamachumu mpaka Nshamba, ukaanza kunywea. Mstari ulianza na herufi za kawaida, ukifika katikati zimekuwa punje za mtama, na mwisho ni mchanga. Watu wakamrudishia barua, "Karani, waitu, hapa umeandika nini?" Mwaka uliofuata mkono wa kulia ukaanza, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anahesabu punje zisizokuwepo.

Kijiji kilikuwa na majibu tele. Wengine walisema rubisi. Wengine walisema kuna mtu alishindwa shauri zamani, na sasa anamlipiza. Karani aliwasikiliza. "Baba yangu alikufa akitetemeka," alisema, "dada yangu mkubwa alikufa akitetemeka. Huyo mchawi ana umri gani?"

Nilimpeleka hospitali mjini mimi mwenyewe, kwa kuwa watoto wake watatu wako mbali na kitinda mimba, binti anayekaa naye, hawezi kumbeba peke yake. Kabla ya lolote daktari alimpa karatasi akamwambia aandike sentensi yoyote, kisha achore duara linalozunguka kama konokono. Karani akaandika: Shauri limeahirishwa. Daktari alipoona herufi zinavyopungua kuelekea mwisho, akatuambia jina la ugonjwa, Parkinson. Alisema mwandiko kuwa mdogo ni dalili mojawapo, na kwa wengine hutangulia mkono kutetemeka. Hauponi, ila dawa humpunguzia mtu ugumu. Nilisikiliza kwa masikio ya mtu anayesindikiza mgonjwa wake. Wakati huo darasani kwangu wanafunzi wa nyuma walikuwa wameanza kusema, "Mwalimu, hatuoni ubaoni," nami nikiwajibu waende wakapimwe macho.

Ilikuwa katika kliniki hiyo, baada ya mwaka mmoja hivi, kwamba nesi mmoja alitufuata kwenye benchi na kutueleza habari za utafiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye faili kifuani. Alisema wanatafuta kujua ugonjwa huu unavyopita kwenye koo, maana hadi sasa mengi yaliyoandikwa ni ya watu wa nchi za mbali. Hawatatoa dawa mpya, hawatabadilisha matibabu. Watamtazama tu: watamuuliza maswali, watampima anavyotembea na anavyoandika, watachukua damu, na kila mwaka watamwona tena. Kujiunga ni hiari, na kutoka ni hiari. Huenda yeye mwenyewe asipate faida yoyote.

"Hiyo ya mwisho imeandikwa?" Karani akauliza.

"Imeandikwa, mzee. Ukurasa wa tatu."

Akaomba fomu ya ridhaa akaisoma yote, kurasa sita, tukiwa tumekaa hapo mpaka makarani wa mapokezi wakaenda kula wakarudi. Akakuta makosa mawili ya Kiswahili akayaonyesha. Nesi, bila kuona haya, akatoa kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya kosa la kwanza kwenye nakala yake, akaandika sahihi yake ndogo pembeni na tarehe. "Kwenye utafiti hatufuti," alimwambia. "Tukikosea tunapiga mstari mmoja, la zamani lisomeke, tunasaini."

Sijawahi kumwona mtu akipenda kitu ghafla namna ile. Uso wake haukuweza tena kutabasamu, lakini macho yalijaa maji. "Nani amewafundisha?" alinong'ona. Akasaini hapo hapo.

Walihitaji na ndugu zake. Mtoto wake wa kwanza alijibu kwa simu kutoka Dar es Salaam kwamba asihusishwe, ana mabinti wanaotaka kuolewa na hataki ukoo uandikwe kuwa una kilema. Wawili wa Mwanza walisema watafikiri, na bado wanafikiri. Alikuja kitinda mimba tu. Siku hiyo ya kutoa damu nesi akasema wanahitaji pia mtu wa kulinganisha naye, mtu mzima anayetoka mahali pamoja na mgonjwa, aliyekua kwa maji yale yale na vyakula vile vile, lakini asiye ndugu yake wa kuzaliwa. Mara nyingi huwa mke au mume. Mkewe Karani alikuwa ameshazikwa.

"Huyu hapa," Karani alisema, akaninyooshea ule mkono unaohesabu. "Jirani yangu. Mwalimu."

Nesi akanigeukia. "Mwalimu, hamna undugu wowote wa damu?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, wazazi wangu wote wamekufa, hakuna ambaye angeumia. Lakini nilikuwa nikimtazama yeye. Nilitaka yeye ndiye aseme. Nilisubiri kiasi cha mtu kuhesabu mpaka kumi, na yeye alikuwa akitazama faili. Nikasema, "Hamna." Nesi akaandika jirani, hana uhusiano wa damu. Nikasaini, nikakunja mkono wa gauni, na damu yangu ikaingia kwenye kichupa cha watu wa nje.

Tulirudi Izigo kwa gari la kukodi, kitinda mimba amekaa mbele na dereva, redio iko juu. Tulipopita Kemondo nikashindwa.

"Karani, kwa nini umesema jirani?"

Ilimchukua muda kuikusanya sauti yake. "Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na aliyeandika ni nani?"

Alitazama nje, migomba ikipita, kidole gumba kikihesabu. Nami nikaelewa kitu ambacho miaka yote sikukielewa. Hakuwa amemdanganya nesi. Kwake yeye shauri lilikwisha siku ile mbele ya wazee, likaandikwa kwa mkono wake bila kosa, na tangu hapo mimi sikuwa wa damu yake kwa namna ile ile ambayo kibanja chetu hakikuwa chake. Aliuheshimu mpaka ule kuliko Mungu. Nilikasirika kiasi kwamba nilitaka kushuka nitembee.

Sikwenda Izigo kwa miezi miwili. Nilimtuma mtu aangalie migomba, nikaambiwa mnyauko umeingia, mashina manane yameugua. Nilisema yakatwe. Nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilikwenda kanisani na kurudi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na tabia mpya ya kucheza peke yake nikitulia, nami nikajifunza kuukalia. Nilijiambia ni hasira.

Kisha nesi akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya tahadhari sana. Alisema wanapita kwa washiriki wao kuhakiki fomu, kama majina, umri na uhusiano viliandikwa sawasawa, kwa sababu taarifa ikiwa si sahihi, wanachokiona kwenye damu watakisoma vibaya na atakayeumia ni mgonjwa wa kesho. Angekwenda kwa Karani Jumamosi. Je, ningeweza kuwepo? Hakusema zaidi ya hapo, nami sikumuuliza ameona nini. Nilijua ameona nini.

Niliapa kwamba sitafungua mdomo. Kama atanyamaza tena, nitasaini jirani mara ya pili na nitakuwa jirani kweli, hata mazishini kwake nitakaa na majirani.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha mbao kilichofungwa mto, shuka magotini. Dawa zilikuwa zimekosekana madukani wiki nzima na alikuwa amekakamaa kama ubao. Mate yalimtoka, na binti yake aliyafuta kwa kanga bila kulitazama jambo lenyewe, kama mtu anayefuta meza. Alikuwa amepungua mpaka kola ya shati ilimzunguka kama ya mtu mwingine. Hasira niliyokuja nayo nikaitafuta nisiione, na hilo nalo likaniudhi.

"Shikamoo, Karani."

Midomo ilitikisika. Marahaba haikutoka. Kidole kikaonyesha kile kikopo cha dawa ya meno, binti akakileta, nikapewa akamwani kama mgeni yeyote. Nikakaa kwenye benchi la waandikiwa barua, mkono wa kushoto chini ya paja.

Nesi alifika na bodaboda kutoka barabarani. Akasalimu vizuri, akatafuna punje zake, kisha akafungua faili. Alisoma umri, dawa, mwaka dalili zilipoanza, na kila kimoja Karani alifumba macho kukubali. Alipofika ukurasa wa mwisho alisoma bila kumtazama yeyote kati yetu.

"Mtu wa kulinganisha. Mwalimu. Jirani, hana uhusiano wa damu. Ni sawa, mzee?"

Binti yake alikuwa anakunja kanga. Nilisikia kuku wakiparua majani makavu huko kibanjani. Karani alifungua macho akanitazama, si kwa haraka, maana shingo haikumruhusu kufanya chochote kwa haraka. Kisha mkono wake ukaanza kuinuka kutoka gotini, ukitetemeka vibaya, ukaenda hewani mpaka mbele ya kifua cha nesi ukasimama pale wazi.

Nesi hakuelewa. Mimi nilielewa. "Anataka kalamu," nilisema.

Tulimwekea faili magotini, binti yake akalishika upande mmoja na mimi upande wa pili. Kalamu iligusa karatasi ikaruka, ikagusa tena. Nesi akanyoosha mkono amsaidie, na Karani akatoa sauti kooni, ya kumzuia kama alivyomzuia tajiri wa kahawa, nesi akaurudisha mkono. Mstari ulianza kwenye herufi ya kwanza ya jirani. Ulipanda na kushuka kama njia ya mchwa, ukasimama katikati ya neno muda ambao nilidhani hautaendelea, ukaendelea. Ulikuwa mmoja tu. Neno la zamani lilibaki linasomeka. Juu yake akaanza kuandika, na ilimchukua muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na herufi zilikuwa ndogo mno. Akasaini pembeni. Akaandika na tarehe.

Nesi aliiinua karatasi, akaisogeza machoni. "Mwanangu," alisoma.

Kitinda mimba akaiachia kanga ikaanguka. Alinitazama usoni kwa muda, kisha mikononi, kama mtu anayekumbuka mambo aliyoyaona zamani akayapita.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi, na nilisikia kitu kinapanda kifuani ambacho nilikisubiri tangu nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Lakini chini ya furaha kulikuwa na baridi. Kwa mstari ule nilikuwa nimehama kutoka kichupa cha watu wa nje. Baba yake alitetemeka, dada yake alitetemeka, yeye anatetemeka, na sasa nimeandikwa mimi.

Karani alisukuma faili kuelekea kwangu kwa ncha za vidole. "Mhusika," alisema. Nilimsikia vizuri. Kosa lilinihusu, nami nilitakiwa nisaini.

Sahihi yangu inajulikana shuleni. Kwa miaka zaidi ya thelathini imekuwa ikijaza mstari mzima kwenye ripoti za watoto, na mwalimu mkuu hunitania kwamba naandika kama ninatangaza. Nilichukua kalamu nikasaini haraka, kwa kuwa nilikuwa nalia na sikutaka kulichafua faili la watu. Niliporudisha kalamu, nesi hakuipokea. Alikuwa anatazama karatasi. Juu yake kulikuwa na sahihi yangu ya siku ile ya damu, na chini yake hii ya leo, na zote mbili zilianza kubwa zikaishia mchangani. Ya leo ilifika mchangani mapema zaidi.

Karani alikuwa ameinama. Mtu aliyesoma miandiko ya watu maisha yake yote hakuhitaji kuambiwa. Alitazama sahihi, akatazama mkono wangu wa kushoto ambao nilikuwa nimesahau kuukalia, akatazama tena sahihi. Uso wake haukuweza kuonyesha lolote. Aliweka kidole penye nafasi nyeupe chini ya ukurasa.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Kubwa."

Nikashika kalamu kwa nguvu zangu zote, nikaandika taratibu kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Ilitoka ndogo zaidi.